Mtoto anaacha kuwa mtoto lini?

Tuseme unaishi Igalula, mkoani Tabora. Mdogo wako wa miaka 13 kazidiwa na homa, mnampakia kwenye gari hadi mjini. Mapokezi wanauliza: "Ana miaka mingapi?" Jibu lako linaweza kuamua alale wodi ya watoto au ya wakubwa. Hebu jiulize: mpaka huo aliuweka nani?

Zamani Unyamwezini, utoto haukupimwa kwa miaka tu. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa mapema kubeba pembe ndogo za ndovu. Ukubwa ulionekana kwenye mzigo. Kijana akienda pwani na msafara akarudi salama, basi, huyo ni mtu mzima.

Hospitali zikaja na namba. Paris ilifungua hospitali ya watoto mwaka 1802, kwa walio chini ya miaka 15. London ikafuata mwaka 1852 na vitanda 10 tu, ikilaza wa miaka 2 hadi 12. Mwili wa mtoto ni uleule, mipaka miwili!

Kwetu namba iliyotawala ni 5, na ina sababu: umri huo ndipo vifo vya watoto vilipojazana. Miaka ya 1950, daktari David Morley akiwa Nigeria alianzisha kliniki za watoto chini ya miaka 5, na kadi yenye mchoro wa uzito. Mtindo ukaenea Afrika. Kadi ya kliniki aliyokutunzia mama ni ya ukoo huo. Tanzania ilipoanza kuchangisha gharama za matibabu mwaka 1993, watoto hao wakasamehewa.

Sasa angalia: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mdogo wako ni mtoto mbele ya sheria, ila kwenye dirisha la malipo utoto wake uliisha miaka 8 iliyopita.

Mwili nao hausomi kalenda. Mmoja anabalehe na miaka 10, mwingine 14. Ndiyo maana dozi nyingi za watoto hupigiwa hesabu kwa kilo.

Namba 5 imeokoa wengi, hatuibezi. Lakini tuliyemwokoa akiwa na miaka 4 atahitaji kitanda akiwa na 14. Ukifika mapokezi taja umri, halafu hakikisha amepimwa uzito.