Biryogo na Jina la Mswahili

Katika masomo ya uzamili yanayohusu rangi na jamii za watu weusi duniani, wanafunzi huanzia Harlem, Haiti au Bahia. Si vibaya. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili tungependa wapite pia Biryogo, mtaa ulioko Nyamirambo jijini Kigali. Huko mtu mweusi alitenganishwa na mweusi mwenzake kwa amri ya wakoloni, na jina la lugha yetu ndilo lililotumika.

Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili. Askari, wapagazi, wakalimani na wafanyabiashara waliokuja nao walitoka pwani na bara ya Tanganyika, na wengi walikuwa Waislamu. Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka 1916 waliwatilia shaka watu hao. Wakawakusanya katika mtaa wao, ukajulikana kama Kambi ya Waswahili, na mkazi alihitaji kibali ili aende kwingine. Buyenzi ya Bujumbura ina historia inayofanana na hiyo. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo mtoto wa Kiislamu aliingia kwa taabu, pengine kwa sharti la kubatizwa.

Tena, si kila Mswahili wa Biryogo alikuwa mtu wa pwani. Mmanyema kutoka Kongo, hata Mnyarwanda aliyesilimu, aliitwa Mswahili. Miaka ya 1930, watu walipoandikwa katika vitambulisho kuwa Wahutu, Watutsi au Watwa, jina hili lilikuwa limekwisha kuwa kama kabila la nne lisilo na ukoo. Neno umuswahili likawa tusi katika Kinyarwanda: mjanja, mtu asiyeaminika.

Sasa tutazame ng'ambo. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga aliteua maneno ya Kiswahili, kama umoja, ujamaa na imani, kwa ajili ya sikukuu ya Kwanzaa, ili Wamarekani Weusi wajivunie asili yao. Kilichokuwa fahari kwao kilikuwa fedheha Kigali.

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wengi walifichwa katika nyumba za Waislamu, za Biryogo zikiwemo. Wapo wanaolieleza jambo hilo kwa dini peke yake. Sisi twadhani miaka ile ya kutengwa pamoja nayo ina sehemu yake, ila dhana hii yahitaji kuchunguzwa.

Nani atachunguza? Tumewahi kuona pendekezo la mwanafunzi kuhusu mtaa huu likirushwa huku na huku: wanahistoria walisema ni la isimujamii, wanaisimu wakasema ni la historia. Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia kilianzisha shahada ya uzamivu ya taaluma za Wamarekani Weusi mwaka 1988, na historia, fasihi na sosholojia zikakaa meza moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Nyaraka za Wajerumani ziko Berlin, za Wabelgiji ziko Brussels, na wazee wanaoikumbuka Kambi wanazidi kupungua.