Hazina, Dagaa na Bei ya Chaki

Mwalimu mgeni katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika huujua mwezi kabla hajamaliza kuyajua majina ya wanafunzi wake. Siku za giza wavuvi wanatoka na karabai, na alfajiri mwalo mzima, wakubwa kwa wadogo, unaanika dagaa. Darasani nusu ya madawati yako wazi, ila mifukoni mwa wazazi kuna fedha. Ikija mbalamwezi, nyavu zinapumzika, darasa linafurika, na nyumbani hakuna hata ya chumvi. Nimefundisha mwambao huo tangu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mpaka nikastaafu, na kila nilipotangaziwa elimu ya bure, nilijiuliza jambo moja tu: hiyo bure itavukaje maji?

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kwetu kusoma kulikuwapo kabla ya Serikali yoyote kumsomesha mtu. Misafara ya kutoka pwani ilileta biashara ya pembe na watumwa, na ikaleta pia chuo cha Kurani. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, watoto wa mji walikuwa tayari wanakaa juu ya mikeka mbele ya mwalimu. Babu zetu walimlipa mwalimu huyo kwa walichokuwa nacho: sarafu, chumvi, kibaba cha mawese, samaki, au siku ya kumlimia shamba. Hakuna aliyeiita ada, na hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa.

Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879, lakini mji haukuwaitikia, wakahamia kwingine. Matokeo yake tuliyaona baada ya nusu karne. Katikati ya miaka ya 1920 Waingereza walianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokuwa na walimu wenye vyeti na zilizokubali kukaguliwa. Chuo cha Kurani hakikuwamo katika hesabu hiyo. Fedha za umma zikafuata misalaba, na mji wa Waislamu ukabaki na vishule vichache vya Serikali. Kigoma nzima, kwa kweli, ilihesabiwa kuwa ghala la vibarua: vijana wa Kiha walipandishwa treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kwa kazi hiyo darasa la nane halikuhitajika.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watoto wa shule za msingi nchi nzima hawakufika nusu milioni. Halmashauri za wilaya ndizo zilizobeba shule hizo kwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Kodi hizo zikafutwa mwaka 1969, halmashauri zenyewe zikavunjwa mwaka 1972, na ada ya shule ya msingi ikaondolewa mwaka 1973. Wazazi tuliwaona wakifurahi, na walikuwa na haki. Ila mfuko wa shule ulikuwa umehama kimyakimya, ukaenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kutoka stesheni ya Kigoma bado kuna ziwa.

Miaka ileile Operesheni Vijiji ilikuwa imepita Kigoma na kuwashusha watu kutoka milimani, ikawakusanya vijijini. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ikakaa Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama mipango ya awali ilivyosema. Watoto walikuwapo na vijiji vilikuwapo. Walimu ndio waliokosekana, na fedha za kuwapeleka vyuoni hazikuwapo.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Tuliomaliza darasa la saba tulichukuliwa kwa maelfu. Asubuhi tulifundisha, alasiri tukawa wanafunzi wa mratibu wa elimu, kwa masomo ya posta na ya redio, miaka mitatu mpaka cheti. Watu wametucheka sana walimu wa UPE, na wengine wanatucheka mpaka leo. Nawaambia hivi: nchi maskini ilitaka kuwafikia watoto wote kwa mara moja, na sisi ndio tuliokuwa bei ya uamuzi huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamevuka milioni 3.

Majengo nayo yalipatikana kwa njia hiyohiyo ya kuchangiana. Kijiji kilileta mawe, mchanga wa ziwani na nguvu. Serikali ikaleta saruji na bati. Bati za darasa letu la kwanza zilifika Kigoma kwa treni, zikalala huko, kwa sababu fungu la usafiri lilikuwa limeishia stesheni. Mwenye boti mmoja wa kijijini, akitoka kuuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, akawa anarudi na bati chache kila safari, na kijiji kikamlipia mafuta. Nilipokuja kukabidhiwa shule, daftari la matumizi lilikuwa linasimulia hadithi hiyo mstari kwa mstari: chaki katoni moja, kutoka wilayani; nauli ya kuifuata chaki, kijiji; misumari, ndoo mbili za dagaa; nauli ya mwalimu kwenda kuchukua mshahara, mwenyewe. Katika ukurasa mzima sikuona mstari ambao Hazina iliulipia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kisha mambo yakaharibika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, madeni na masharti ya wakopeshaji viliila bajeti ya elimu, na katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakaanza kutozwa tena, safari hii kwa jina la mchango wa UPE. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mchango ulikuwa shilingi 2,000 kwa mtoto. Kwa mwambao kiasi hicho hakikuwa kigumu wakati wa giza, lakini kilishindikana wakati wa mbalamwezi, na muhula haufuati mwezi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani alikwenda mwaloni, na akishaonja fedha za mwaloni, kumrudisha darasani ni kazi. Nchi nzima uandikishaji, uliokuwa umepita asilimia 90, ukashuka chini ya 80.

Mwaka 2001 Serikali ya Rais Mkapa ilifuta mchango huo, na Januari 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Wanafunzi waliokuwa chini kidogo ya milioni 5 mwaka 2001 walikaribia milioni 8 mwaka 2006. Kwangu mimi, kubwa zaidi lilikuwa ubao. Kila shule ilitakiwa kubandika kiasi ilichopokea na ilivyokitumia. Wavuvi walikuja kusoma, wakaniuliza maswali makali kuliko ya mkaguzi yeyote, na mtu akishaona fedha ya Serikali imekwenda wapi, hanung'uniki sana akiombwa tripu ya mchanga.

Katika MMEM ruzuku ya shule iliahidiwa kuwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 za wakati ule. Mara nyingi kilichofika kilikuwa pungufu. Novemba 2015 Waraka wa Elimu Namba 5 ulifuta ada na michango yote, na kuanzia mwanzo wa mwaka 2016 Hazina ikawa inatoa shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa shule za msingi na sekondari. Fedha zilikuja kwa mpangilio ambao sikuwahi kuuona maishani, na watoto wakamiminika. Lakini kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, wakati dola 10 zilishapita 20,000. Tena kati ya hizo, 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizokuja shuleni: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi.

Fanya hesabu. Shule ya watoto 600 ilipata 300,000 kwa mwezi. Ya watoto 100 katika kijiji kisicho na barabara ilipata 50,000. Boti ya kufuata chaki, mitihani na barua haiulizi una wanafunzi wangapi. Inauliza unakwenda wapi. Na wazazi waliokuwa wakiziba pengo hilo walikuwa wameambiwa wasichange tena.

Sitaki ada irudi. Niliwafukuza watoto wa watu kwa shilingi 2,000 na najua wengi wao waliishia wapi. Ninachodai ni fungu la usafiri wa majini, lihesabiwe kwa umbali na si kwa vichwa, na ubao wa matumizi ubandikwe tena mahali ambapo mvuvi atausoma. Mwambao umelipia elimu ya taifa hili kwa dagaa tangu mimi sijaajiriwa, na haki ya chini kabisa ya anayelipa ni kuonyeshwa hesabu.