Marafiki wa Ayubu wafike Likasi

Kati ya Agosti 2003 na mwanzo wa 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo ya kuchimba shaba, walitia saini karatasi ya kuacha kazi. Mpango ule, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliitwa kwa Kifaransa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Mitaani ukaitwa ODV, na ODV ikawa jina la watu wenyewe: fulani ni ODV, mtoto wa fulani ni mtoto wa ODV. Wengi walikuwa na zaidi ya miaka 25 kazini na walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa zaidi ya mwaka ni hiari ya namna gani, hilo kila mmoja hapa Likasi, mji wa viwanda vya kampuni hiyo Katanga, ana jibu lake.

Habari za fedha zao zimeandikwa sana, na kesi zimesemwa mpaka nje ya nchi. Yaliyowapata usiku yameandikwa kidogo. Mzee mmoja wa mtaa wa Panda, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Shituru kwenye mabirika ya kusafishia shaba kwa umeme, alinijibu hivi nilipomuuliza kama analala: "Usingizi iko wapi, mwanangu? Tangu ile siku, minaesabu mabati mpaka jogoo inawika." Mkewe, aliyekuwa anafunga makaa katika vifuko vya kuuza, hakuinua kichwa. Alisema tu kwamba mabati ya nyumba ile ni kumi na manane, na kwamba yeye pia anayajua.

Swali la mtu anayehesabu mabati saa tisa ya usiku mara nyingi ni moja: nimekosa nini? Nikizisoma pamoja mila mbalimbali zilizojaribu kumtuliza mtu wa namna hii, za Biblia, za pwani yetu ya Waswahili, za Ulaya na za majirani zetu wa Zimbabwe, naona kila moja, kabla ya dawa, inatoa jibu la swali hilo. Ubora wa dawa unategemea jibu.

Tuanze na Ayubu, kwa kuwa parokia na makanisa yote ya Likasi yanamjua. Anapoteza mali, watoto na afya, na katika sura ya saba analalamikia usiku wake: akilala anauliza kutakucha lini, anajigeuzageuza mpaka alfajiri. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja na kuketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki kweli. Baadaye wanafungua midomo, na hoja yao, ukiondoa mapambo yake, ni kwamba Mungu haadhibu bure. Basi chunguza ulichokosa. Ayubu anakataa. Anabishana nao sura baada ya sura, anamtaka Mungu mwenyewe aje mahakamani. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia marafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Kwa hiyo kitabu chenyewe kinamthibitisha aliyelalamika, na kinawakemea waliomfundisha mgonjwa kujilaumu.

Ninalikazia hili kwa sababu katika mikesha mingi ya maombi mjini kwetu, hoja ya Elifazi ndiyo inayohubiriwa. Mtu amefutwa kazi, anaambiwa kuna laana ya ukoo, kuna dhambi iliyofichwa, kuna mlango alioufungulia shetani. Anafunga kula siku tatu na kukesha kanisani siku mbili. Maombi ya pamoja yana nguvu, na nimeona watu wakitoka mkeshani wakiwa wepesi kuliko walivyoingia. Lakini mwili ambao tayari umepoteza usingizi unanyimwa tena usingizi, na moyo ambao tayari unajihukumu unaongezewa hukumu. Jibu baya zaidi linafuata: kama kosa si lako, basi ni la mchawi, na mchawi hutafutwa karibu, kwa bibi mzee au kwa mtoto yatima anayelala jikoni.

Mji huu unajua gharama ya jibu hilo la "ni jirani". Mwaka 1992, Gécamines ilipokuwa inaporomoka, Wakasai, watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapahapa Likasi, wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière, kampuni iliyotangulia Gécamines, tangu miaka ya 1920, waliambiwa kwamba wao ndio waliokula kazi za wenye nchi. Maelfu walikimbilia kituo cha treni wakalala nje wakingoja mabehewa, na wengine walifia pale. Walipoondoka, kazi hazikurudi. Kiwanda kilikuwa kinakufa kwa sababu nyingine kabisa: mgodi wa Kamoto ulioporomoka Septemba 1990, mashine zisizofanyiwa matengenezo kwa kuwa mapato yalichotwa na serikali ya Mobutu, madeni, uporaji wa 1991. Kampuni iliyotoa tani karibu 476,000 za shaba mwaka 1986 haikufikisha hata tani 20,000 mwaka 2003. Kila anayelala macho wazi katika mitaa ya Panda na Kikula anastahili kuambiwa habari hii taratibu, na kwa tarakimu zake, maana hakuna mtu mmoja wa Shituru aliyeweza kuzuia lolote katika hayo.

Pwani, Ayubu ni mtu mwingine kidogo. Katika Kurani malalamiko yake ni mafupi: anasema tu kuwa taabu imempata. Sifa yake ni subira, na ndiyo inayobeba Utenzi wa Ayubu, uliomo katika mkusanyo wa Tendi wa J.W.T. Allen wa mwaka 1971. Mtu wa Likasi akimsoma Ayubu huyu mwanzoni ataona ananyamazishwa. Mimi nilihisi hivyo. Lakini kuna mambo mawili ambayo Biblia haina. La kwanza: katika Surat Sad uponyaji unakuja kwa amri ya kupiga ardhi kwa mguu wake, maji yanatoka, anaoga na kunywa. Mgonjwa anapewa kitendo kimoja kidogo cha mwili anachokiweza. La pili: katika visa vya manabii wanavyosimuliana Waislamu, mkewe Rahma ndiye anayezunguka kufanya vibarua ili amlishe. Mke wa Ayubu wa Biblia anasema mara moja na kutoweka. Rahma yuko jikoni mwa hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Rahma huyu tunamjua kwetu pia. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kinachoitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa shaba waliotupwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni: ilitoa nyumba, unga, shule, hospitali. Alipokufa, wake wa wafanyakazi ndio waliotoka kwenda sokoni. Kina Rahma wa Likasi waliuza makaa, sombe na samaki wakavu, na wengi wao pia hawakulala, ila hakuna mtu aliyewauliza.

Palepale katika urithi wa Kiislamu yupo tabibu ambaye hatajwi vya kutosha. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu masilahi ya miili na nafsi pamoja. Alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Ya pili aliihusisha na mwili na kutaka mwili utibiwe. Ya kwanza aliitibu kwa maneno na kufikiri. Ni zaidi ya miaka elfu moja, na bado watu wengi wanapewa vidonge vya usingizi, hata vile vinavyouzwa mkononi sokoni, kwa huzuni ambayo sababu yake iko kwenye bahasha ya kaki kabatini pamoja na karatasi za mishahara isiyolipwa.

Ulaya ya kisasa ilikutana na jambo hili kijijini Marienthal, karibu na Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokilisha kijiji chote kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, waliwachunguza watu wale kwa karibu, na kitabu chao kikatoka 1933. Walifanya jambo rahisi na la ajabu: walisimama dirishani wakawapima watu wanavyotembea barabarani. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara nyingi, kana kwamba hawana wanakokwenda. Wanawake walipita haraka, kwa maana nyumba haikufungwa. Wanaume walikuwa na muda wote wa kusoma, lakini vitabu walivyoazima maktabani vilipungua. Walipoombwa waandike walichofanya tangu asubuhi hadi jioni, walikumbuka mambo machache tu. Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu saa, wenzake, nafasi mbele ya watu na sababu ya kuamka. Sijui kitabu kinachoifahamu Likasi vizuri kuliko hicho cha Waaustria ambao hawakuwahi kuiona.

Kutoka hapo utaalamu wa Magharibi ukaingia chumbani. Mwaka 1972 Mmarekani Richard Bootzin alionyesha kuwa mtu anayelala macho wazi anakifundisha kitanda kuwa mahali pa mawazo. Usingizi usipokuja, inuka, toka, keti mahali pengine, rudi ukisinzia. Na ulale vibaya au vizuri, amka saa ileile kila siku. Tiba iliyokua kutokana na mafunzo hayo, inayochanganya mwili, mazoea na fikra, ndiyo ambayo tangu 2016 madaktari wa Marekani wanashauriwa kuianza kabla ya vidonge. Ni tiba ya kweli na haina bei. Kasoro yake ni kwamba inamkuta mtu akiwa peke yake kitandani na kumwacha peke yake. Tena inadhani kuna chumba cha pili. Nyumba ya Kikula ambamo watoto wanne wamelala sebuleni haina mahali pengine pa kuketi isipokuwa uani, penye baridi ya Juni.

Hata hivyo, fikiria king'ora. Miaka yote ya kampuni, king'ora cha kiwanda kiliwaamsha wanaume wa Likasi saa ileile, wawe wamelala au la. Kanuni ya Bootzin ilikuwa inatekelezwa na Shituru bila mtu kujua. ODV haikuchukua mshahara peke yake. Ilichukua saa ya kuamka, na usiku ukamwagikia mchana. Anayetaka kumsaidia mzee wa mabati kumi na manane aanze na asubuhi yake.

Katanga iliwahi kuwa na namna yake ya kuutoa usiku hadharani. Jamaa, iliyoanzishwa miaka ya 1950 karibu na Kolwezi na padri Placide Tempels pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, ilifundisha kwa Kiswahili, mume na mke pamoja, na ndoto zilisimuliwa kwa wakubwa na kupimwa. Johannes Fabian aliieleza katika kitabu chake cha 1971. Maaskofu waliikandamiza baadaye, kwa sababu zao. Ninachokihifadhi mimi ni kwamba mchimbaji na mkewe waliketi mbele ya mume na mke wengine wakaeleza walichokiona usingizini, na hakuna aliyeona aibu.

Mfano ulio hai leo uko Harare. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda, katika nchi yenye madaktari wa akili wachache mno, aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hasemi ulichokosa. Anamwacha mgeni aseme yote, kisha wanachagua tatizo moja kati ya mengi, dogo linaloshikika, na hatua ya wiki hii. Baada ya mikutano kadhaa, mtu anakaribishwa katika kundi ambalo wanawake hufuma mifuko ya kuuza huku wakiongea. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa Desemba 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi walikuwa na sonona na wasiwasi kidogo sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Naona humo zile siku saba za kimya za marafiki wa Ayubu, mguu unaopiga ardhi, na asubuhi yenye miadi.

Ndiyo maana naiweka mila hii ya benchi juu ya nyingine zote nilizozitaja, hata juu ya tiba ya Bootzin ambayo naiheshimu. Inaanza kwa kumsikiliza mtu bila kumshtaki, na inaishia kwenye kazi ya mikono pamoja na wengine. Likasi haihitaji kuiagiza kutoka mbali. Likelemba za akina mama, vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, zinakutana kila wiki. Wanajuana nani ana deni na nani hana chakula. Wazee wa ODV bado wanakutana kufuatilia haki zao, na yule anayewasomea barua kwa sauti anafanya kazi ya tabibu kuliko anavyojua.

Vijana wao sasa wanafanya kazi kwa wakandarasi wadogo wa migodi, kwa mikataba ya miezi mitatu inayoisha bila taarifa, au wanachimba kwa mikono mashimoni. Nao wameanza kuhesabu mabati. Kwa hiyo nawaomba mapadri, wachungaji na maimamu wa Likasi, na wakuu wa likelemba: wekeni benchi nje ya zahanati na nje ya parokia, siku moja ya wiki, asubuhi, saa isiyobadilika. Mketisheni mama mmoja mwenye masikio. Atakayekuja na bahasha yake ya kaki asomewe karatasi zake zote kabla ya kuombewa.