Eti "Ni Plastiki Tu"?

Watu wakiona kalamu ya resini ya kutengenezwa kwa mkono, ile yenye rangi zinazoelea ndani kama moshi kwenye maji, swali huwa moja: imepakwa nini ndio ing'ae hivyo? Mara nyingi haijapakwa kitu. Imesuguliwa. Halafu msee akitajiwa bei anaruka, "Si hii ni plastiki tu?" Haya, tuongee kuhusu hiyo plastiki.

Kalamu za wino za zamani zilikuwa za ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu. Nyingi zilikuwa nyeusi, na zikikaa kwenye mwanga sana zinageuka kahawia. Miaka ya 1920 ikaja seluloidi, rangi zikaingia, lakini hiyo ilishika moto vibaya sana.

Akriliki ndiyo ilibadilisha mambo. Wajerumani waliisajili kama Plexiglas mwaka wa 1933, Waingereza wakaiita Perspex, na DuPont kule Marekani wakaiita Lucite. Majina matatu, kitu kimoja. Vita ya Pili ya Dunia ikianza, marubani wa pande zote walikuwa wanakaa nyuma ya hiyo plastiki, kwa sababu ni nyepesi kuliko kioo. Shida ni kwamba inakwaruzika haraka. Na ukiwa juu angani, doa dogo mbele ya macho linaweza kufanana na ndege ya adui inayokuja. Kwa hivyo kuna watu kazi yao ilikuwa kusugua vioo hivyo, na rubani kurudi nyumbani kulitegemea mkono wao.

Parker wakachukua Lucite hiyo hiyo wakatengeneza Parker 51, ikaingia sokoni 1941. Wino wake ulikuwa mkali, ungekula seluloidi. Akriliki ikavumilia.

Sasa kusugua kwenyewe. Kalamu ikitoka kwenye mashine ya kukereza huwa na ukungu mweupe, na huo si uchafu. Ni mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga. Fundi anaanza na msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, na kila hatua kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Anatumia maji, kwa sababu joto likizidi resini inalainika na kuharibika. Anamalizia na vitambaa vya hadi namba 12000, aina ile ile inayong'arisha madirisha ya ndege mpaka leo, halafu dawa ya kung'arisha. Ukiruka hatua moja hutaona kitu mpaka mwisho kabisa, chini ya taa, na hapo unarudi nyuma. Kuna wanaopaka gundi inayong'aa juu ya mikwaruzo na kukuuzia hivyo. Mimi hiyo sinunui.

(Na msasa kwanza ni mti, kama hukujua. Majani yake yanakwaruza, na mafundi wa mbao wa Pwani waliyatumia kulainisha kazi zao. Karatasi ya dukani ilirithi jina.)

Turudi kwa marubani. Mwaka wa 1940 ndege ya Mwingereza Gordon Cleaver ilipigwa, vipande vya Perspex vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley aliona kitu cha ajabu kwa majeruhi kama hao: vipande vilikaa ndani na jicho halikuvikataa. Mwaka wa 1949, katika hospitali ya St Thomas' London, akamwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya Perspex. Shosho yako akifanyiwa huo upasuaji leo, lenzi anayowekewa ni mjukuu wa ile.

Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi, ati huwezi kuacha plastiki ndani ya jicho la mtu. Uzeeni, Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi hizo, macho yote mawili, katika hospitali ile ile.