Rangi ya Furu na Historia ya Ziwa

Huko Nyakato, mjini Musoma, na katika mwambao wote wa Ziwa Victoria upande wetu, samaki wadogo wenye pezi la miiba mgongoni huitwa kwa jina moja tu: furu. Huanikwa juani, hutiwa mchuzini, na wengine hutungwa kwenye ndoana wawe chambo cha sangara. Mvuvi hana haja ya kuwapambanua zaidi ya hapo. Lakini wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina mia tano au zaidi za furu, na mojawapo ya alama kubwa za kuzitenganisha ni rangi; wala si rangi ya kila furu, bali ya dume aliyekwisha kukomaa.

Jambo hili lataka maelezo. Furu mchanga, awe dume au jike, kwa kawaida huwa wa kijivu au wa manjano yaliyofifia. Jike huishi na vazi hilo hilo karibu maisha yake yote, maana yeye ndiye atamiaye mayai kinywani mwake, na hana faida ya kuonekana na adui. Dume naye, viungo vyake vya uzazi vikianza kukomaa, homoni zilizo katika damu huamsha chembe za rangi ngozini. Hapo ndipo wekundu, buluu au weusi hujitokeza. Samaki waliozaliwa katika matangi waonyesha mabadiliko haya waziwazi. Watoto wa mama mmoja hufanana kwa miezi kadhaa, kisha mmoja mwenye nguvu hutwaa pembe yake ya tangi na kung'aa. Akishindwa na mwenzake na kufukuzwa, rangi yake hufifia tena. Basi rangi hueleza umri, na pia hueleza cheo.

Hapo ndipo ugumu wa historia ya elimu hii ulipo. Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928, na P. H. Greenwood alipoanza kuwachunguza furu kutoka Jinja katika miaka ya 1950, samaki waliokusanywa walitiwa katika dawa ya kuhifadhi, na dawa hiyo huondoa rangi. Furu aliyekaa chupani miaka thelathini ni wa kahawia tu, awe alikuwa mwekundu au wa buluu. Mtu asiyeandika rangi siku ile ile samaki alipotoka majini amepoteza ushahidi wake.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika Mwanza mwaka 1977. Miongoni mwa samaki walioeleza ni mmoja ambaye dume lake likikomaa huwa na mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, Els Witte-Maas na Frans Witte walimpa samaki huyo jina la *nyererei*. Hivyo mtu wa Butiama akapata wajina katika Ghuba ya Mwanza. Baadaye, mwaka 1998, jamii yake ikaitwa *Pundamilia*, neno letu wenyewe. Ni nadra sana lugha ya Kiswahili kuingia katika orodha za Kilatini kwa mlango mpana kiasi hicho.

Lakini katika miaka ile ile ya kupewa majina, furu walikuwa wakitoweka. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo mia mbili zilipotea. Habari hiyo yajulikana na wengi. Isiyojulikana sana ni ile ya maji. Udongo wa mashamba uletwao na mito, Mara ukiwa mmojawapo, pamoja na mbolea na uchafu wa miji, umeyatia maji ukungu na kuyajaza mimea midogo ya kijani. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba ukungu huo waweza kuangamiza aina za samaki pasipo kuua samaki hata mmoja.

Njia yake ni hii. Jike la *nyererei* humtambua mume kwa wekundu wake. Jike la jirani yake, *Pundamilia pundamilia*, humfuata dume wa buluu. Katika matangi, chini ya mwanga mweupe, majike hawakosei sana. Mwanga ulipobadilishwa hata wekundu na buluu visipambanuke, walichagua ovyo, na watoto wa mchanganyiko huo huzaa bila kizuizi. Ziwani pia imeonekana hivyo. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, wekundu hukaa chini na wa buluu karibu na juu, kila mmoja na wake. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni machafu, huvuliwa madume waliokomaa kabisa ambao si wekundu wala si wa buluu, na hakuna awezaye kusema ni wa aina ipi.