Hisi ya Mzawa wa Lugha: Historia ya Hoja Moja Katika Uchunguzi wa Kiswahili

Mtu aliyelelewa katika Mji wa Kale wa Mombasa akisikia neno kaa likitamkwa, hahitaji kungoja sentensi ikamilike ili ajue kama linalokusudiwa ni kaa wa baharini au kaa la moto. La kwanza hutoka kinywani pamoja na pumzi. La pili halina pumzi hiyo. Hali kadhalika paa, mnyama wa porini, na paa la nyumba. Akiulizwa ameyajuaje hayo, hujibu kwamba ndivyo yasemwavyo, na kwake yeye jibu hilo limetosha. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, wala kitabu hakikumsaidia, kwa kuwa hati sanifu huyaandika maneno hayo kwa namna moja. Je, ujuzi huu usio na mwalimu ni ujuzi wa kweli, au ni mazoea tu yaliyovikwa joho la ujuzi? Na kama ni wa kweli, chimbuko lake ni lipi?

Kiswahili kina majina kadhaa yanayolikaribia jambo hili, ingawa hakuna hata moja linalolitosheleza. Machale humcheza mtu anapohisi hatari asiyoiona. Ilhamu humjia mshairi. Katika makala haya neno litakalotumika ni hisi, kwa maana ya ule uamuzi wa papo hapo anaoutoa msemaji kwamba usemi fulani umekaa sawa au haukukaa sawa, kabla hajapata sababu ya kuutetea.

Sarufi za mwanzo za Kiswahili zilizotungwa na Wazungu zilijengwa juu ya hisi ya watu ambao mara nyingi majina yao hayakutajwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sarufi yake ikachapishwa mwaka 1850. Edward Steere akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kila kanuni iliyomo katika vitabu hivyo ilipitia kwanza kwenye sikio la mwenyeji aliyekubali au aliyetikisa kichwa. Mmoja ambaye jina lake halikupotea ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyemsaidia William Taylor kukusanya na kuyafasiri mashairi ya Muyaka bin Haji, na pasipo yeye sehemu kubwa ya mashairi hayo isingalieleweka leo. Taylor naye alikuwa na sikio jema: aliweka alama katika maandishi yake ili kutenga t ya meno na t ya ufizi, na sauti zenye pumzi na zisizo nayo. Baadaye Charles Sacleux alifanya kazi kama hiyo katika kamusi yake kubwa iliyotoka kati ya 1939 na 1941. Watu hawa hawakuuliza hisi ya Waswahili inatoka wapi. Waliiandika tu.

Jibu, hata hivyo, lilikuwa limefichika ndani ya yale yale waliyoyaandika. Tazama majina ya ngeli ya U yanapotiwa katika wingi. Ubao huwa mbao, na ulimi huwa ndimi. King'ong'o cha ngeli kinasikika waziwazi. Lakini ukuta huwa kuta, na upanga huwa panga, na king'ong'o hakipo. Wanaisimu linganishi wa Kibantu wameonyesha kwamba hapo zamani kilikuwapo, kisha kikadondoka mbele ya p, t na k, kikaacha nyuma yake pumzi. Kaa wa baharini ana pumzi kwa sababu ni jina la ngeli iliyokuwa na king'ong'o. Kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa, halikuwa nacho. Basi yule mtu wa Mombasa anapotofautisha maneno hayo mawili, sikio lake linatunza kumbukumbu ya sauti iliyokufa kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. Anajua asichojua kwamba anakijua. Hisi yake ni ya kweli, nayo ina chimbuko linaloweza kuchunguzwa.

Ni ajabu basi kwamba mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa hapo hapo, ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 haikuwa, katika miaka yake ya kwanza, na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Haidhuru hapa kama Kiunguja kilistahili au la. Lahaja yoyote ingechaguliwa, nyingine zingelalamika. La kuzingatiwa ni kwamba tangu siku hizo swali la hisi liligeuka. Halikuwa tena swali la kama ipo, bali la ni ya nani itakayohesabiwa.

Miaka hiyo hiyo kulizuka ubishi ambao haukumbukwi ipasavyo. Karl Roehl, mmishenari Mjerumani, aliona kwamba Kiswahili kimelemewa na maneno ya Kiarabu, na katika tafsiri yake ya Biblia akajitahidi kuyaondoa na kuweka ya Kibantu mahali pake. Hoja yake aliieleza katika jarida la Africa mwaka 1930. G. W. Broomfield alimpinga humo humo mwaka 1931: maneno hayo yamekwisha kuwa mali ya wasemaji, na mgeni hana haki ya kuyafukuza. Roehl alikuwa na nadharia nzuri kuhusu kile ambacho Mbantu angepaswa kukihisi. Tatizo ni kwamba Waswahili walikuwa wamekwisha kuhisi vingine. Kitabu kilitoka Uarabuni bila ngeli yoyote. Sikio la Mswahili likasikia ki- mwanzoni mwake, na wingi ukawa vitabu. Waraka ukazaa nyaraka, na wakati ukazaa nyakati. Mambo hayo hayakusitishwa na Roehl wala na mwingine yeyote. Waingereza walipoleta njia za mzunguko zenye ibara ya kuwaamuru madereva wabaki kushoto, wasemaji wakapata kipilefti, na vikiwa viwili, vipilefti. Hakuna kamati iliyokaa kuliamua hilo. Kama hisi ya ngeli si kitu halisi, ni vigumu kueleza neno hilo limezaliwaje.

Huko Marekani, Leonard Bloomfield, kwa kitabu chake cha 1933, alikuwa amewazoesha wanaisimu kuitazama lugha kama mazoea yanayojengwa na vichocheo na majibu, na kuyatilia shaka maelezo ya msemaji kuhusu yaliyomo akilini mwake. Noam Chomsky aliivunja desturi hiyo mwaka 1957, na zaidi mwaka 1965, aliposema kwamba kazi ya isimu ni kueleza umilisi wa mzawa wa lugha, na kwamba hisi yake ndiyo ushahidi mkuu. Kuhusu chimbuko, alirudi nyuma hadi kwa Plato: mtoto hujua mengi kuliko aliyoyasikia, kwa hiyo sehemu ya ujuzi huo amezaliwa nayo. Mafundisho haya yalipokelewa kwa shangwe katika vyuo vingi, na yalileta faida. Lakini yalileta pia uvivu, kwani mtaalamu alijiona ana haki ya kukaa chumbani akijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mwaka 1975 William Labov alionya kwamba hisi ya mtaalamu huelekea kukubaliana na nadharia yake kuliko na masikio ya jirani zake.

Onyo hilo linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Chukua usemi mbuzi wangu na rafiki yangu. Vyote viwili ni viumbe vyenye uhai, lakini kimoja hudai w na kingine y. Na rafiki huyo huyo akisifiwa huwa rafiki mzuri, kama mtu yeyote. Waswahili wengi wa pwani huyatoa haya bila kusita. Ukiuliza wingi, hata hivyo, umoja huo huvunjika: wengine watasema marafiki zangu, wengine marafiki wangu, na kila mmoja ataapa kwamba la mwenzake linamkwaruza sikio. Hisi zote mbili ni za kweli. Haziwezi zote mbili kuwa zimeletwa na maumbile, kwa kuwa maumbile ya wasemaji hayatofautiani. Zimeletwa na nyumba walizolelewa.

Ushahidi wa watoto unaelekea huko huko. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha 2005, alichunguza watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili nyumbani. Watoto hao waliviacha viambishi mara nyingi, lakini ni kwa nadra sana waliweka kiambishi kisichostahili. Jambo hili laweza kumfurahisha mfuasi wa Chomsky. Lakini aligundua pia kwamba wazazi wao wenyewe huacha viambishi vya nafsi katika mazungumzo, jambo ambalo sarufi ya shule haliruhusu. Mtoto huyo atakapofika darasani ataambiwa kwamba hana hisi ya Kiswahili, naye ni mzawa wa lugha hiyo kwa kila kipimo kinachokubalika katika isimu. Kinachokosekana kwake ni hisi ya lugha sanifu, na hiyo, kwa wengi, hupatikana kwa kusoma. Idara inayompima mwanafunzi kwa kigezo cha uzawa na huku ikimsahihisha kwa kigezo cha usanifu inatumia mizani miwili kwa jina moja.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alizaliwa na kulelewa katika Kiswahili cha kaskazini, na wachache walimshinda kwa ujuzi wa lahaja na msamiati wa kale. Alitunga istilahi nyingi kwa kuchota katika hazina hiyo. Runinga ilikubalika, na leo yatajwa kila siku nchini Kenya. Maneno yake mengine mengi hayakutoka nje ya maandishi yake. Sikio lililoyachuja yote lilikuwa moja.