Likembe ya umeme: chombo cha wabeba mizigo kilivyozaa muziki wa mashine Congo

Jioni, katika mitaa mingi ya mashariki mwa Congo na hata kwenye kambi za waliohama makwao, utakuta kijana ameinamia simu, spika ndogo iko pembeni, midundo inajirudia bila kuchoka. Wazee wakipita husema: huo ni muziki wa mashine, umetoka kwa wazungu, hauna baba wala mama. Kijana naye hajibu kitu, huongeza sauti.

Historia inaonyesha kwamba wote wawili wanaweza kuketi mkeka mmoja. Muziki wa umeme wa Congo una baba na mama. Ulizaliwa mikononi mwa watu waliotoka vijijini, wakafika kwenye mji wenye kelele, wakaona sauti ya kwao haisikiki. Ili isikike, wakaitafutia umeme.

Chombo cha watu wa njiani

Mambo yanaanzia kwenye likembe. Kila mtu wa Congo anaijua, hata kama kwao inaitwa jina lingine. Burundi na Rwanda wanaiita ikembe. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi wanasema lukeme. Ni kisanduku cha mbao chenye tundu, juu yake vimepangwa vijiti vya chuma vyembamba, virefu kwa vifupi, vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Wataalamu wa muziki wa Afrika wanaonyesha kwamba likembe ilitoka upande wa Congo ya chini, karibu na bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakoloni walipokuwa wakiwatembeza wabeba mizigo na wafanyakazi kutoka mangaribi kwenda juu ya mto, chombo hicho kilisafiri pamoja nao. Kilipanda mto, kikafika Ituri, kikapita kwa Waalur na kuingia Uganda.

Sababu yake haina siri. Ngoma kubwa haibebeki safari ya majuma. Likembe inaingia ndani ya mfuko, na mtu anaweza kuipiga huku anatembea. Aliyetolewa kwao kwa nguvu, mzigo wa mwingine ukiwa kichwani, alibaki na sauti ya kwao mkononi. Kwa hiyo tangu mwanzo likembe ilikuwa chombo cha watu waliohamishwa.

Chuma kinachosema

Wakati huohuo sauti nyingine ilikuwa inaingia: ile inayotoka ndani ya chuma. Kuanzia mwaka 1933, santuri za muziki wa Cuba zilizojulikana kama GV zilianza kuenea Afrika, na Congo wakazipokea kama ndugu waliopotea. Halafu redio. Wengi hawakuwa na redio nyumbani, na sauti iliwafikia kupitia pembe kubwa za chuma zilizofungwa mahali pa wazi. Watu wa Kinshasa waliziita kwa Kifaransa lance-voix, yaani mrusha sauti. Zilitumika kutangaza habari na amri za serikali ya Ubelgiji, pamoja na muziki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndani ya studio za Léopoldville, kulisikika kitu kipya: Solovox, kinanda kidogo cha umeme cha kampuni ya Hammond ya Marekani. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre alifika na gitaa la umeme, akafanya kazi na studio ya CEFA. Vijana wa mji walisikia, wakataka nao. Baada ya miaka michache rumba ya Congo isingewezekana kufikirika bila gitaa la umeme.

Lakini vitu hivyo viligharimu pesa nyingi. Mwenye likembe, aliyetoka kijijini na kukaa pembezoni mwa mji, hakuwa na njia ya kununua gitaa wala amplifaya. Alibaki nje ya mlango, anasikiliza.

Kinshasa, 1966

Mwaka 1966 Léopoldville ilibadilishwa jina ikawa Kinshasa. Ni mwaka huohuo ambapo dereva wa lori mmoja, Mawangu Mingiedi, alianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Orchestre Tout Puissant Likembe Konono N°1. Mingiedi alikuwa Mzombo, kabila linalokaa pande zote mbili za mpaka wa Congo na Angola. Ikumbukwe kwamba kuanzia mwaka 1961 vita vya ukombozi wa Angola viliwasukuma watu wengi wa upande huo kuvuka mpaka, na Wazombo wengi walifikia Kinshasa. Huko kwao walikuwa na muziki mzito wa pembe za tembo, uliopigwa kwenye shughuli za kimila. Mingiedi aliuhamishia muziki huo kwenye likembe.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kijijini usiku umetulia, likembe moja inatosha watu waliozunguka moto. Kinshasa kuna magari, baa zilizofungulia bafle, watu maelfu. Ukipiga likembe kwenye matanga au kwenye arusi barabarani, hata aliye hatua kumi hasikii. Wafiwa wanahitaji muziki wa wazee wao ili kumsindikiza marehemu, lakini mji unaumeza.

Mingiedi na wenzake walitengeneza dawa yao wenyewe. Kutoka kwenye magari mabovu walichukua sumaku za alternata. Wakatumia sumaku hizo kujitengenezea vifaa vya kunasa sauti, wakavifunga kwenye likembe. Kazi yake inaeleweka na fundi yeyote wa redio: kijiti cha chuma kikitetemeka karibu na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo unaofuata mtetemo ule. Umeme huo ukipelekwa kwenye amplifaya na kutolewa kwenye spika, unageuka tena kuwa sauti, safari hii kubwa. Ni kanuni ileile ya gitaa la umeme, ila hii ilitoka kwenye vyuma vya kutupwa.

Waliunda likembe tatu: moja ya sauti nzito, moja ya kati, moja ya juu. Mikro walizichonga kwa mbao na kuzitilia sumaku za namna ileile. Kwa kurushia sauti walitumia zile lance-voix za wakati wa ukoloni. Sufuria na vipande vya magari vilisaidiana na ngoma. Pembe ile ya chuma iliyokuwa ikitoa amri, sasa ilitoa muziki wa Wazombo.

Vifaa hivyo vilikuwa na kasoro. Sauti ilikwaruza, ilivuma, ilipasuka. Mtu mwingine angeona aibu na kupunguza. Kundi hili liliizoea kasoro hiyo, likaipenda, likaanza kutunga muziki kwa kuifuata. Mkwaruzo ukawa sehemu ya wimbo. Masikio ya kizazi kizima cha mitaa ile yalijifunza kupenda sauti ya umeme hapo, kwenye matanga na arusi.

Redio iliyomfanya mtu atafute

Mwaka 1978 mtu aliyeitwa Bernard Treton alirekodi makundi kadhaa ya Kinshasa ya aina hiyo, Konono akiwa mmojawapo. Kazi hiyo ilitolewa miaka ya 1980 na lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwanamuziki wa Ubelgiji, Vincent Kenis, alikuwa amesikia muziki wa Konono redioni. Haukumtoka kichwani. Alikuja Kinshasa kulitafuta kundi na asilipate. Wapigaji walikuwa wametawanyika, na nchi yenyewe ilikuwa inapita katika miaka migumu ya mwisho wa Zaire na ya vita. Ni mwaka 2000 tu ndipo alipokutana na Mingiedi, na kundi likasimama tena.

Kenis alirekodi kwa kompyuta ndogo ya kubeba, hapohapo Kinshasa. Mwaka 2004 lebo ya Crammed Discs ya Bruxelles ilitoa albamu iliyoitwa Congotronics. Mingiedi alikuwa tayari mzee wa zaidi ya miaka 70.

Ulaya walishtuka. Vijana waliozoea tekno, muziki wa kompyuta na midundo isiyokoma, walisikia Konono na kudhani ni wenzao. Midundo ilijirudia vilevile, besi ilitikisa kifua vilevile, sauti ilikwaruza vilevile. Mwaka 2007 Björk wa Iceland aliwaalika kwenye wimbo wake Earth Intruders. Mwaka 2010 mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock aliwaweka kwenye wimbo Imagine wa albamu yake The Imagine Project, na mwaka uliofuata wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy.

Hapa pana jambo la kuangalia vizuri. Wakati wote huo wengi waliandika kwamba Wacongo hawa walipiga muziki wa elektroniki bila kujua. Maneno hayo yanawapunguza. Mingiedi alijua kabisa alichokuwa anafanya. Alikuwa na muziki wa wazee wake, akiwa na kazi ya kuufikisha kwenye masikio ya watu wa mji. Wengine walipolipa jambo hilo jina la elektroniki, yeye alikuwa amelifanya kwa miaka karibu 40. Alifariki Aprili 2015, na mwanawe Augustin Makuntima Mawangu akashika likembe. Mwaka 2016 kundi lilitoa albamu pamoja na Batida, mtunzi wa muziki wa elektroniki anayeishi Ureno na mwenye asili ya Angola. Muziki uliovuka mpaka wa Angola na Wazombo ulikutana tena na Angola, kwenye mashine.

Njia inarudi mashariki

Mbegu hiyo haikubaki kwa Konono peke yake. Kasai Allstars waliunganisha wapigaji wa makabila mbalimbali ya Kasai wanaokaa Kinshasa, nao wakatumia likembe ya umeme. Vijana wa Kokoko, jina ambalo kwa Lingala ni mlio wa mtu anayegonga mlango, kama vile sisi tunavyopiga hodi, walitengeneza vyombo kwa makopo na vyuma vilivyotupwa, wakavichanganya na sintesaiza. Albamu yao ya kwanza, Fongola, yaani ufunguo, ilitoka mwaka 2019.

Na mashariki? Rey Sapienz, aliyekulia Bunia wakati wa vita, alianza na rap tangu utoto. Baadaye alivuka kwenda Kampala, akajenga maisha yake ya muziki huko. Mwaka 2021, pamoja na The Congo Techno Ensemble, alitoa albamu Na Zala Zala kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Lebo ndugu na hiyo, ambako Wacongo wa mashariki wamepata nafasi, inaitwa kwa Kiswahili chetu: Hakuna Kulala.

Tazama ramani. Kutoka Ituri kwenda Uganda ndiyo njia iliyofuatwa na likembe zaidi ya miaka 100 iliyopita, mikononi mwa watu waliotembezwa bila kupenda kwao. Sasa anapita kijana mwenye midundo kichwani. Waliofukuza watu majumbani hawakuweza kuunyang'anya muziki, maana haukai nyumbani. Unakaa kwa mtu.

Kinachoweza kupotea

Hata hivyo muziki unaweza kufa. Unakufa mzee anapofariki kambini na nyimbo zake, hakuna aliyemuuliza. Kwenye kambi, watu wa vijiji vingi wanakaa hema kwa hema. Mzee aliyekuwa akiitwa kwenye kila matanga ya kijiji chake sasa hajulikani na jirani yake. Likembe yake ilibaki nyumbani siku ya kukimbia, au iliungua pamoja na nyumba. Hakuna anayekuja kumwita. Mwaka baada ya mwaka vidole vinasahau.

Habari ya Konono inafundisha kwamba rekodi moja ya mwaka 1978 na redio moja vilitosha kumfanya mtu atafute miaka mingi hadi akawapata. Bila rekodi ile, Mingiedi angeweza kuzikwa kama dereva mstaafu wa lori, majirani wachache wakikumbuka kelele zake.

Leo anayerekodi hahitaji kutoka Paris. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yule wa jioni inatosha. Amfuate mzee, amwombe apige, hata kama ni kwa kugonga kopo au kuimba kwa mdomo tu. Aandike jina la mzee, jina la kijiji, na wimbo ulipigwa kwa shughuli gani. Kisha, kwa ruhusa ya mzee, auweke ndani ya midundo yake.

Mzee ataona kwamba mashine ya kijana ina masikio. Kijana naye atajua kwamba midundo anayoipenda ilianza zamani, kwa mtu aliyekuwa mbali na kwao, sumaku ya gari bovu mkononi, akitaka tu wa kwao wamsikie.